Mafuta ya Nazi kwenye Breki

Mafuta ya nazi yana kazi zake. Ya nywele, ya mtoto mchanga, ya kuukanda mgongo wa mzee, ya wali ukitaka uchambuke. Kwenye breki ya baiskeli hayana kazi hata moja, na Idarusi alilijua hilo kabla hajafungua mdomo. Hapo ndipo hasira yangu ilipoanzia. Na hao wanaoniambia, "Bi Semeni, yamepita," waende wakakae na yaliyopita kwao. Kwangu bado yapo.

Mwaka ule katani ilikuwa na bei, na kila mwenye mshahara alinunua baiskeli. Nyumba yangu ya Makorora ina baraza refu, lina kivuli tangu alasiri, na mimi nyumba ikinyamaza naona kama ina msiba. Kwa hiyo nilipika kahawa, nikakata kashata, na wapanda baiskeli wakaja. Wakaziegemeza baiskeli zao ukutani mpaka chokaa ikabanduka, sikusema kitu. Nilipenda kelele zao. Mtu alikuwa hafiki na habari, anafika na swali.

"Jamani, mnyororo wangu unakula kutu, na mafuta naupaka kila siku!" Huyo Haji, mchuuzi wa samaki, hupeleka tenga lake mpaka Pongwe.

"Usile kutu una nini?" Idarusi akamjibu. "Tenga linauvujia maji ya chumvi njia nzima, kisha wewe unamwagia mafuta juu ya chumvi. Unaukaanga! Tandika majani ya mgomba chini ya tenga, na ukifika kwako upanguse kwanza, ukauke, ndipo utie mafuta."

Siwezi kumnyima haki yake: Idarusi alikuwa anajua. Mtu akilalamika tyubu inatoboka pale pale kila siku, humwambia apitishe kidole ndani ya tairi, polepole, atakuta ncha ya mkonge imejificha humo. Na huikuta kweli. Baiskeli yake mwenyewe ilikuwa na kioo kila upande, maua ya karatasi kwenye usukani, na kengele inayolia sauti mbili. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Mtu akiisogelea humwambia, "Macho tu, bwana, macho tu."

Sasa hao watu walikuwa na mtindo wao, wakiuita karibu ya baraza. Mgeni akija na swali lake la kwanza, hupewa jibu la uongo, na wote waliopo hukaza nyuso wasicheke. Haji alipokuja mara ya kwanza aliuliza siti yake ya ngozi ailainishe vipi. Wakamwambia ailoweke kwa maji ya dafu usiku kucha. Basi kesho yake akapita hapa mbio mbio huku amesimama juu ya pedeli, sisimizi wamemwingia kila mahali, na baraza zima limelala chini kwa kicheko. Mimi pia nilicheka, kwa nini nisicheke? Aliumwa na sisimizi, hakufa. Ila mpaka ulikuwepo, kila mtu akiujua: utani wa siti sawa, utani wa kengele sawa. Breki haitaniwi.

Ndipo akaja Ruthi.

Ruthi na mumewe Luka walikuwa wapangaji wangu, chumba cha uani. Watu wa Bumbuli, Walutheri, wapole, asubuhi hawapiti bila shikamoo. Luka alikuwa akifanya kazi kwenye mashine ya kukamua katani mpaka mashine ikamla vidole vya mkono wa kulia. Shamba likamshukuru kwa kumfukuza. Hasira nyingine hiyo, lakini niiache, nisije nikamaliza karatasi.

Basi zahanati moja ya mashambani, mbele ya Pongwe, ikataka msaidizi wa mkunga. Ruthi kazi hiyo aliijua kwa mama yake. Mkunga akamtazama mikono, akaridhika, akamwambia: "Njoo Jumatatu asubuhi, uje juu ya baiskeli. Wanawake wanaozaa hawamsubiri mtu atembee kwa miguu. Usipoweza, nitamchukua mwingine." Ruthi hajawahi kupanda baiskeli maishani mwake. Iliyokuwepo ni ya Luka, ya kiume, ina chuma katikati.

Akajifunza. Alivaa suruali ya Luka ndani, gauni juu, kanga ameifunga kiunoni, na kwenye kifundo cha mguu nikamfunga kipande cha tyubu kuukuu ili nguo isinaswe na mnyororo. Luka alimshikia siti kwa mkono wake mzima, wanakwenda uchochoroni huku na huku, jasho linawatoka wote wawili. Na pale barazani Idarusi hakunyamaza siku hata moja.

"Shemeji Luka! Umeishiwa na punda?"

"Dada, hiyo ni baiskeli, si kinu! Usiitwange!"

Ruthi akazidi kukanyaga pedeli. Na siku alipopita peke yake, ananyooka, Luka amebaki nyuma anapiga makofi kwa mkono mmoja juu ya paja, Haji akasema, "Wallahi, huyu atafika Pongwe." Idarusi akasema hafiki. Akalisema mbele ya watu, tena kwa sauti. Mwanamume akishasema hivyo mbele ya watu, ole wake anayetaka kumfanya mwongo.

Jumamosi sikuwepo. Nilikuwa Usagara kwenye harusi, na Luka alikwenda kubadilishwa bandeji. Ruthi akaja barazani na baiskeli yake, mara ya kwanza kuja kuuliza. Breki zilikuwa zinalia kama paka aliyekanyagwa, anaona haya kuingia nazo zahanati.

"Kaka Idarusi, nifanyeje zisilie?"

Ukiniuliza mimi niliyekaa nao miaka, nitakwambia: pangusa rimu kwa kitambaa kikavu, ile mipira ya breki isugue kwa msasa, basi. Idarusi akajikuna kidevu, akamwambia, "Mafuta ya nazi, dada. Kidogo tu, kwenye rimu na kwenye mipira yake. Zitanyamaza."

Na Haji alikuwa pale, amekaza uso, kwa sababu ndiyo ilikuwa karibu ya baraza.

Zikanyamaza kweli. Jumapili walipotoka kanisani Ruthi akasema ajaribu njia ya Pongwe, mpaka ule mteremko ulio kabla ya reli. Luka akasimama juu anamtazama. Alipofika katikati akatokea mtu na mkokoteni wa nazi, amekata njia nzima. Ruthi akabana breki. Hakuna kitu. Akabana tena. Baiskeli ndiyo kwanza inazidi kwenda. Ilibidi achague, mkokoteni au mtaro, akachagua mtaro.

Walirudi kwa miguu, yeye amechubuka kiwiko mpaka nyama inaonekana, Luka amebeba baiskeli begani, gurudumu la mbele limepinda kama ungo uliokaliwa. Nikamwosha kidonda. Hakulia kwa kiwiko. Alilia alipoliangalia lile gurudumu. Kesho yake ni Jumatatu.

"Breki zilikuwaje?" nikamuuliza. Akanieleza ya mafuta. Nikagusa rimu, nikanusa kidole. Astaghafirullahi! Nilihisi damu imenipanda mpaka masikioni.

Nikaingia chumbani, nikachukua chupa yangu ya mafuta ya nywele, nikatoka nayo barazani. Walikuwa wamejaa, na Idarusi yuko katikati, ameshapata habari ya kuanguka.

"Si niliwaambia? Mwanamke na baiskeli..."

"Idarusi," nikamwambia, "hebu sogeza hiyo baiskeli yako."

"Kuna nini, Bi Semeni?"

Nikaiweka chupa mbele yake. "Paka. Kwenye rimu na kwenye mipira. Kidogo tu. Kisha twende wote kwenye mteremko wa reli, ukatelemke tukuone."

Akacheka. Hakuna aliyecheka naye.

"Bi Semeni nawe, ule ulikuwa utani."

"Sijakuuliza ulikuwa nini. Nimekwambia paka. Si dawa ya breki? Si wewe mjuzi? Paka!"

"Nipake nife?"

Ndilo neno nililokuwa nalitaka. Baraza zima lililisikia.

"Ebo! Kumbe unajua kwamba anayepaka anakufa! Na yule uliyemwambia apake ni nini, ni jiwe? Hana mume? Hana roho?"

"Bi Semeni, mimi sikudhani ataipeleka mteremkoni..."

"Baiskeli inapelekwa wapi, kitandani?"

Haji akainuka, uso umemshuka. "Nilikuwepo," akasema. "Nilinyamaza. Mimi niliumwa na sisimizi, nikaona ni zamu ya mwingine. Lakini breki, Idarusi? Breki?" Akaichukua kofia yake akaenda kukaa upande wa pili, mbali naye.

Idarusi akaanza kusema ataomba radhi. Nikamkatiza. Mwezi unaofuata alikuwa anaoa, na mama mkwe wake mtarajiwa ni Bi Mwamvua wa Usagara, niliyekula naye sahani moja harusini jana yake tu.

"Mdomo wangu unaujua," nikamwambia. "Unadhani nitashindwa kufika Usagara kabla ya magharibi? Nitamwambia Mwamvua anamwoza binti yake kwa mtu gani. Na hapa kwangu hukai tena, kahawa hunywi."

"Bi Semeni, usifanye hivyo, nakuomba. Nifanye nini basi?"

Sauti ikatoka mlangoni. Ruthi alikuwa amesimama, kiwiko kimefungwa kipande cha kanga yangu. "Radhi utaniomba siku nyingine, kaka. Mimi nataka kesho."

Akaipita miguu ya wanaume mpaka ukutani, akashika usukani wenye maua ya karatasi. Hakuna aliyesema macho tu. Akaisukuma hatua chache, akabana breki, akasikiliza.

"Hizi hazilii."

"Hazilii," akasema Idarusi, sauti ya mtu anayeng'olewa jino. "Za nyuma zinashika zaidi. Mteremkoni anza na za nyuma." Kisha akaongeza, "Siti nitakushushia."

"Nishushie," Ruthi akasema, akamsimamia mpaka akamaliza.

Jumatatu baada ya alfajiri alitoka, kioo huku na kioo huku, maua yanatikisika. Luka akamsindikiza mpaka mwisho wa uchochoro. Nyuma yao akaja Idarusi kwa miguu, lile gurudumu lililopinda amelivaa begani, anakwenda Usagara kwa fundi. Majirani wote walikuwa milangoni. Sikuwaita mimi. Labda wawili watatu.

Haji alimwona Pongwe akipita, akamfuata mpaka zahanati, na akarudi kunipa habari. Alisema mkunga alikuwa nje ya zahanati, Ruthi akaja kwa kasi, akasimama gurudumu la mbele karibu limguse mama yule aproni, na kengele ikalia sauti zote mbili. Mkunga akamwambia, "Ingia ndani unawe mikono, kuna mzazi."

Alirudi jioni. Idarusi alikuwa amesimama barabarani, maana barazani sijamruhusu. Ruthi akamkabidhi baiskeli yake, safi, imepanguswa vumbi.

"Asante, kaka. Mnyororo wako umelegea, ukaze. Njiani umenitoka mara moja."

Watu walitaka kucheka, wakanitazama kwanza. Idarusi akainama akaukagua. Ulikuwa umelegea kweli.

Harusi yake ilifanyika, na Mwamvua hakusikia neno kutoka kwangu. Baiskeli aliitoa, nami mdomo nikaufunga. Lakini kahawa yangu bado hajainywa, na ile chupa ya mafuta nimeiacha pale pale dirishani aione kila akipita.