Pale Ambapo Visiki Havikuchipuka

Wewe unayesoma, barabara ya Kambove unaijua. Umeipita juu ya lori ukitazama viatu vyako, maana kushoto kwake ndiko baba zetu walikokatia kuni za mitambo ya shaba, na hutaki kukumbuka. Leo inua uso.

Honorine aliinua. Mume wake, Zéphirin, mtu wa kaskazini, alikwenda huko kumkatia kuni mukandarasi mmoja, asirudi. Kapita wake, Donat, msimamizi wa wakataji, ndiye aliyemletea Honorine habari mtaani Kamalondo: ameangukiwa na mti, wamemzika chini ya mti mkubwa wa mupundu walioubakiza uwe alama. Miaka ikapita. Halafu mwaka huu wa 1947 zikavuma habari kwamba musitu ule umekomaa tena. Kiangazi hiki shoka zitarudi, na udongo utafukuliwa kufunika tanuru za makala, yaani mkaa. Honorine akataka mifupa ya mume wake iondoke kabla. Alimwandama Donat, siku hizi fundi cherehani, mpaka akakubali kumpeleka.

Mupundu haukuwapo. Wakataji waliofuata waliuangusha nao. Kila kisiki kilikuwa kimechipua fito, fito zimekuwa miti, yote kimo kimoja, huwezi kujua upi ni upi. Donat akasema basi, warudi, pori limejifunika.

Lakini Honorine alikulia katika mashamba ya Lukafu, ambako kila mtu ameona shamba lililoachwa likirudia pori. Nyasi huja kwanza, kisha vichaka ambavyo mbegu zake huletwa na ndege. Miti yenyewe huwahi pale tu mizizi ya zamani ilipobaki. Palipochimbwa kwenda chini mizizi hufa, nyasi zikatawala, na moto wa kila kiangazi huunguza mche wowote unaothubutu. Akaona, katikati ya miti, ukanda wa nyasi, mwembamba, urefu wa mtu aliyelala.

Donat akadai hapo palikuwa tanuru. Honorine akapiga jembe. Tanuru huacha udongo mweusi wenye vipande vya makala. Huu ulikuwa mwekundu mtupu. Akapiga magoti kusali. Alipoinua uso afanye ishara ya msalaba, akaona ukanda mwingine. Nyuma yake mwingine. Kanda hizo zilipangwa kama vitanda vya kambi, zikaingia mpaka ndani ya musitu.

"Ulisema muntu moya, shemeji."

Donat alikuwa ameketi chini, kofia mapajani. "Ilikuwa homa, mama. Bantu banakufa asubui, mangaribi bwana mukandarasi anataka kuni yake. Njo maana alisema tuseme ni muti."

"Na Zéphirin iko wapi?"

"Sijue."

Honorine alikuwa amebeba kitambaa cheupe cha kufungia mifupa. Akakichana vipande, akafunga kimoja kimoja kwenye mti ulio karibu na kila ukanda, akitaja jina la mume wake kila mahali, kwa kuwa hakuwa na jina lingine la kuwapa. Kitambaa kikaisha. Nyasi hazikuisha. Akasimama pale na mikono mitupu.

Shoka zinanolewa sasa hivi. Kama baba yako, au mjomba wako, aliletewa ile hadithi ya mti, acha kutazama viatu. Kesho nenda huko na kitambaa, na jina lake, na jirani zako. Simameni juu ya nyasi zile, na mtu asiwaondoe.