Mashine ya Shangazi Jovina

Mashine ya kukorogea keki ya shangazi Jovina ina uzito wa mtoto wa darasa la pili aliyekataa kwenda shule. Ukiishika kiuno, inakuelemea kifuani. Ukiishika shingo, bakuli linakugonga goti. Haina mahali pa kushikia, kwa sababu walioitengeneza walijua mtu akishaiweka mezani haihamishi tena. Hawakujua kuna mtaa wetu wa Mfaranyaki, hapa Songea.

Aliyeituma ni dada Leticia, binti yake shangazi, alipopata kazi Dar es Salaam. Ilipofika, shangazi aliipa cheo. Aliiweka sebuleni kwenye kabati la vioo, kati ya televisheni na picha ya harusi yake, akaivika kitambaa cheupe alichofuma mwenyewe, chenye vishada vinavyoning'inia usoni kama bibi harusi. Mgeni akija haonyeshwi kiti kwanza, anaonyeshwa Mashine. Padri alipokuja kubariki nyumba, nayo ilipata maji yake.

Shida ni kwamba keki hazikorogwi sebuleni. Kila ikija oda, shangazi aliivua kitambaa, akaikumbatia, akavuka nayo korido mpaka jikoni. Akimaliza anaifuta, anaikumbatia tena na kuirudisha kwenye cheo chake.

"Shangazi," nilimwambia siku moja, "hata marehemu mjomba hukuwahi kumbeba hivyo."

"Marehemu alikuwa na miguu," akajibu, huku akipita.

Baada ya Pasaka, mgongo ulikataa. Nilimkuta koridoni ameegemea ukuta, jasho linamtoka, Mashine bado iko mikononi. Hakutaka kuiangusha. Akaniambia polepole, kama anayemkabidhi mtu mtoto mchanga, "Careen, ipokee hii kwanza. Mimi nitafuata."

Hospitali walimkataza kunyanyua kitu chochote kizito kuliko birika, na kusimama muda mrefu. Dada Leticia alipiga simu siku ile ile. "Mama, umefanya kazi vya kutosha. Nikija likizo naichukua Mashine, nitampa mtu huku. Wewe pumzika."

"Sawa, mwanangu," shangazi akasema. Akakata simu, akachukua kile kitambaa cha Mashine, akakikunja, akakikunjua, akakikunja tena.

Sasa mtu asidhani shangazi alikuwa analilia hela. Ana vyumba vya uani, wapangaji wanamlisha. Keki zilimletea kitu kingine. Tangu mjomba afariki, kila aliyegonga mlango wa nyumba hii alikuwa amekuja kuagiza keki, na huwezi kuagiza keki kwa shangazi bila kueleza. Unataka keki ya harusi? Kaa hapo. Mkwe anasemaje? Mahari ilikwendaje? Nani amenuna? Mtu anakuja kwa dakika tano, anaondoka ugali umeshaiva na ameshakula. Nusu ya Songea imeungamia jikoni kwetu, na bila kupewa malipizi.

Mgongo ulipokataa, mlango nao ukanyamaza. Hata Suzana, jirani yetu wa nyumba ya pili, ambaye binti yake alikuwa anajiandaa na kipaimara, alinisimamisha njiani akaniambia atanunua keki mjini ili asimsumbue mgonjwa. Nikamfikishia shangazi habari.

"Amenionea huruma," akasema, kwa sauti ya mtu anayeripoti wizi.

Nikamwambia nitakuwa naibeba mimi. Nina mabega, na kazini hayatumiki, kwa sababu nauza kava za simu karibu na stendi.

"Na mchana ukiwa dukani? Nikae nakusubiri kama mgonjwa anayesubiri uji?" Akatikisa kichwa. "Siku utakayochoka, utaninunia. Nami nitakuwa nimestahili."

Ndipo nikamleta fundi Bartolomeo. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: kabati lijengwe jikoni, Mashine ihamie huko moja kwa moja. Shangazi alikubali kwa shingo upande, maana kwake kuitoa sebuleni ilikuwa kama kumshusha mtu cheo hadharani. Akaweka masharti: milango, na kufuli.

Fundi Bartolomeo ni mrefu. Ukuta wa uani kwetu umejengwa ili watu wasichungulie, yeye husalimia wapangaji juu yake bila kunyanyua kisigino. Basi akajenga kabati kwa urefu anaoujua, yaani wake. Juu meza ya kazi, chini milango miwili na rafu katikati. Lilikuwa zuri, naye alinyoosha mkono kulipapasa kila akiongea.

"Ya kisasa hii, mama. Majiko yote ya mjini yako hivi."

Tukainyanyua Mashine wawili, tukaiweka juu. Shangazi akasogea, akasimama mbele yake. Bakuli lilikuwa usawa wa paji la uso wake.

"Fundi," akauliza, "hapa nikoroge au nisali?"

Bartolomeo akapendekeza kiti cha kupandia. Shangazi alimtazama tu, mkono kiunoni, mpaka mwenyewe akasema basi, tusahau kiti. Tukaishusha Mashine, tukaiingiza chini nyuma ya milango, kwenye rafu. Ikakaa vizuri. Tatizo, kila siku ya keki ingebidi itolewe, na wa kuitoa ni nani? Shangazi akafunga kufuli, akauning'iniza ufunguo shingoni pamoja na rozari. Tulikuwa tumeitoa kwenye kiti cha heshima, tukaitia rumande.

Siku zikaenda. Dada Leticia alishakata tiketi.

Jioni moja narudi kazini, namkuta shangazi jikoni amekaa kwenye kigoda, ungo wa maharage mapajani, milango ya kabati wazi. Yeye na Mashine wametazamana, kichwa kwa kichwa.

"Shikamoo, shangazi. Mnasuluhishwa na nani?"

"Marahaba. Careen, niambie. Mimi umewahi kuniona napika nimesimama?"

Nikafikiri. Ugali, kwenye kigoda. Mboga, kwenye kigoda. Oveni yake ya bati iko uani usawa wa goti, na anaigeuza keki akiwa amekaa na miguu ameinyoosha. Hata unga anauchekecha akiwa chini. Katika nyumba nzima, kilichokuwa kinamsimamisha ni Mashine peke yake, kwa sababu ilitoka Dar na sote tulidhani vitu vya Dar havikai chini.

"Lete waya wa eksitensheni," akasema. "Na unga."

Tukaijaribu humo humo ndani ya kabati. Alipotaka kunyanyua kichwa cha Mashine ili aweke siagi, kikagonga ubao wa juu. Akakilaza hivyo hivyo, akamimina unga kwa pembeni, akawasha. Sijui nani kati yetu alikuwa ameacha swichi kwenye kasi ya mwisho. Kabati zima lilipiga chafya. Tulipofumbua macho, shangazi alikuwa mweupe mpaka kope, rozari na ufunguo vimefanana rangi.

"Sasa umekuwa malaika kabla ya wakati," nikamwambia.

"Usinichekeshe," akasema, ameshika mgongo, machozi yanachora njia kwenye unga. "Usinichekeshe, mtoto wewe, nitakatika." Lakini alikuwa anacheka, na sikuwa nimemsikia akicheka tangu siku ile ya korido.

Kesho yake fundi Bartolomeo akaitwa. Shangazi alimweleza akiwa amekaa, ili aone urefu wenyewe. Rafu iondolewe. Chini uwekwe ubao wa kuvuta kama droo, usawa wa magoti yake, Mashine ikae juu yake na isitoke tena. Akivuta, inakuja. Akisukuma, inaingia kulala.

Bartolomeo alikuna shingo. "Mama, watu wakiona watasema nimejenga jiko la kisasa la mtu kukaa chini. Jina langu je?"

"Jina lako nitaliandika kwenye keki."

"Juu au pembeni?"

"Inategemea ubao utakavyoteleza."

Ukateleza. Na kwa sababu alijua Mashine ikitoka nje kabati zima lingetuinamia, alilifunga ukutani kwa boliti ambazo naamini nyumba ikianguka zitabaki hewani. Juu, kwenye ile meza ya warefu, shangazi alitandika kitambaa chenye vishada, akaweka birika. Kisha akanituma kwa Suzana. "Mwambie huruma yake nimeipokea, sasa aje aeleze anataka keki ya namna gani."

Dada Leticia alifika mkesha wa kipaimara. Aliniuliza boksi la Mashine liko wapi, hata maji hajanywa. Nikamwambia uvunguni, maboksi yote ya nyumba hii yako uvunguni. Akalivuta, akalipangusa vumbi, akaingia nalo jikoni akiwa amelikumbatia.

Mama yake alikuwa kwenye kigoda, ubao umevutwa katikati ya magoti, Mashine inanguruma polepole. Upande wa pili, kwenye kigoda kingine, Suzana alikuwa katikati ya kisa cha msimamizi wa kipaimara aliyejitoa dakika za mwisho.

"Mama," dada Leticia akasema, "daktari alikukataza kunyanyua."

"Nimenyanyua nini?"

Dada Leticia akachuchumaa. Akasukuma ubao, akauvuta. Akatikisa kabati, halikutikisika. Akatafuta kosa kila mahali, na alivyolikosa ndivyo uso wake ulivyozidi kulegea.

"Kila Careen akipiga simu," akasema, bado anatazama chini kwenye ubao, "kabla sijapokea najua umeanguka. Kila simu, Mama. Nikasema hiki kitu kikitoka humu ndani, nitalala."

Shangazi akazima Mashine. Akafuta mkono kwenye khanga, akamshika binti yake shavu, likabaki na unga.

"Kikitoka, nani atagonga huo mlango?"

Dada Leticia akamtazama Suzana, ambaye alijifanya anachunguza mayai. Akatazama kama kuna kigoda kingine, hakikuwepo. Basi akaliweka boksi sakafuni, akalikalia, nalo likaanza kuzama taratibu.

"Msimamizi amejitoa kwa nini?" akauliza.

"Sasa hapo ndipo penyewe," Suzana akasema, akasogeza kigoda.

Shangazi akaiwasha Mashine, kasi ya kwanza, ili asikie kisa.