Dorah na Kompyuta ya Charles

Tangu umeme umuue mumewe Charles kwenye pampu ya maji, ndani ya duara, yaani shimo la wachimbaji wa dhahabu, huko Geita, Dorah hakuwa akichomeka hata pasi bila kwanza kusali kimoyomoyo. Majirani zake wa Shinyanga mjini walishangaa kusikia anajifunza kulehemu.

Sababu ilikuwa kompyuta. Charles aliiokota ilipotupwa kutoka stoo ya misheni: kompyuta ya zamani ya nyumbani, mitambo yote imo ndani ya kibodi nene, unaiunganisha na televisheni. Alifariki hajaiwasha. Dorah akaipeleka kwa Marcel, fundi redio.

"Shikamoo, Baba Mariana. Itapona hii?"

"Marahaba, Mama Eliya. Itapona, ila chuma cha kulehemia utakishika mwenyewe."

Mwanzoni risasi ya kulehemia ikawa inamwagika ovyo mezani. Marcel akamfundisha kupasha waya moto kwanza, ndipo aisogeze risasi iyeyuke. Kiungio cha mwisho kilikuwa ndani ya kiboksi cha bati kinachopokea umeme wa ukutani. Kiungio hicho alikilehemu jasho likimtiririka.

Marcel akafunga kiboksi, akachomeka plagi. Televisheni ikabaki nyeusi. Akakunja uso, akakishika kiboksi ili akigeuze.

Hakukigeuza. Vidole vilijikunja, meno yakagongana, koo likatoa mkoromo. Umeme ulikuwa umemnasa.

Dorah alishaanza kunyoosha mkono amvute, akakumbuka: kule duarani, mwenzake aliyemshika Charles alikufa naye. Swichi ilikuwa ukutani, nyuma ya Marcel. Akanyakua stuli ya mbao, akampiga nayo mkono kwa nguvu zote. Kiboksi kikaruka, plagi ikachomoka, Marcel akaanguka kama gunia.

"Mayu!" Dorah alilia, akimwita mama kwa Kisukuma. "Nimemuua!"

Wapita njia walimpakia Marcel kwenye bajaji. Hospitalini Dorah alikaa kwenye benchi akikiwaza kile kiungio chake. Kiling'aa, au kilikuwa na ufa? Kila alipokikumbuka kilizidi kuharibika. Muuguzi alipotoka, Dorah alisimama, akamfuata hadi wodini.

Marcel alikuwa hai, kiganja kimefungwa bandeji.

"Si kiungio chako," alisema kwa shida. "Waya wenyewe mpira umeoza, umegusa bati. Niliuona, nikasema nitaubadilisha baadaye."

Dorah hakuamini. Alirudi kwenye karakana, akaitazama plagi mara kadhaa kuhakikisha imelala sakafuni, ndipo akafungua kiboksi. Waya ulikuwa uchi, umeliegemea bati. Kiungio chake kilikuwa kizima. Akaketi pale pale chini hadi miguu ikafa ganzi.

Mkono wa Marcel ulipopona, waliweka waya mpya. Safari hii Dorah alisimama mlangoni, Marcel akachomeka plagi. Kioo cha televisheni kikawa buluu, kimraba cheupe kikawa kinawaka na kuzima.

"Njoo uandike, Mama Eliya."

Alichelewa kusogea. Mwishowe akabonyeza herufi moja, akauondoa mkono upesi. Herufi ikabaki pale kiooni.