Bega la Costancia

Saa mbili na robo asubuhi ya Jumanne, Bonifas alimteremsha mkewe Costancia kutoka kwenye bodaboda mbele ya kituo cha afya kilichopo kando ya barabara iendayo Mikumi, akamkalisha kwenye benchi la ukumbini, kisha akaenda kuchukua namba. Walikuwa wameondoka kijijini kwao Malolo kabla ya jua kuchomoza. Namba yao ilikuwa ishirini na tisa.

Benchi lililotazamana na lao, upande wa dirisha la dawa, lilikuwa la marehemu. Hao walikuwa watu waliokufa kwa maradhi ya tumbo baada ya kutibiwa kituoni hapo. Walipoanza kuhudhuria, miaka kadhaa nyuma, walikuwa wakichukua namba kama wengine na kuchelewesha foleni, hivyo wakatengewa benchi. Hawakuhitaji dawa. Kila siku walikaa mpaka saa tisa na nusu alasiri, kisha wakaondoka.

Hildegarda, dada yake Costancia, alikuwa wa tatu kutoka ukutani. Alifariki miaka kumi na moja iliyopita, akiwa na umri wa miaka ishirini na minne, na daftari la kituo linaonyesha kuwa aliuawa na taifodi.

"Mbona huniamkii?" alimuuliza mdogo wake.

"Nikuamkie kwa lipi? Mimi nina thelathini na mmoja, wewe ishirini na minne. Wewe ndiye wa kunipa shikamoo."

"Nilikubeba mgongoni, Costancia."

"Ulinibeba, lakini sasa hukui tena. Nimekupita."

"Mama alikufundisha kuhesabu, adabu akaisahau." Hildegarda alimtazama namna alivyojikunja. "Tumbo linauma wapi?"

"Chini, kulia."

"Na bega?"

Costancia alisema bega la kulia lilianza kuuma njiani, na alidhani ni kwa sababu ya kung'ang'ania chuma cha pikipiki.

Hildegarda akasimama. Marehemu hawakuwa na desturi ya kusimama kabla ya saa tisa na nusu, ila hakuna aliyemzuia. Namba ishirini na tisa ilipoitwa, aliingia nao chumbani kwa tabibu.

Tabibu alikuwa Ditram, mwenye miaka kumi na minne kazini. Alifanya uchunguzi kwa mpangilio. Aliuliza maumivu yalianza lini na wapi, yanaelekea wapi, yanazidi akitembea au akilala, kama ametapika, kama ameharisha, na hedhi ya mwisho ilikuwa lini. Costancia alijibu kuwa ni wiki saba sasa, na kwamba juzi aliona damu kidogo. Bonifas aliongeza kuwa nyumbani walidhani ni chango, mama yake akamchemshia mizizi. Ditram alimlaza mgonjwa, akamkunjisha magoti, akabonyeza tumbo kuanzia kushoto, pasipouma, kama alivyofundishwa chuoni. Alipofika kulia, Costancia alishika ukingo wa kitanda kwa mikono yote miwili.

"Muulize bega," alisema Hildegarda, aliyekuwa amesimama kando ya mizani.

Ditram alimsalimu. Walifahamiana.

"Linamuuma," Hildegarda aliendelea. "Damu inavuja ndani, imepanda juu. Mimba imekaa kwenye mrija. Yangu ilikuwa kushoto, na bega liliniuma vilevile. Nilikwambia, ukasema nimelalia mkono."

"Nakumbuka," alisema Ditram.

Kusema haki, hakumpuuza. Aliagiza vipimo viwili. Baada ya nusu saa, Yusrah wa maabara alileta majibu: mimba ipo, taifodi ipo. Kwa mwaka wa nne mfululizo taifodi ilikuwapo kwa karibu kila aliyepimwa kituoni hapo, akiwamo dereva wa gari la wagonjwa, na akiwamo Yusrah mwenyewe, ambaye alijipima akiwa mzima ili kuhakiki kipimo.

Gari hilo la wagonjwa lilikuwa uani, limejazwa mafuta. Hospitali yenye chumba cha upasuaji ilikuwa Mikumi, mwendo usiofika saa moja. Ditram alichukua fomu ya rufaa, akaandika jina, umri na kijiji. Kwenye mstari wa historia ya ugonjwa kama huo katika familia aliandika neno "dada", akasita.

"Andika," alisema Hildegarda.

"Kwenye daftari wewe ni taifodi. Na sahihi ni yangu."

"Najua. Nimelisoma."

"Siwezi kukuua kwa magonjwa mawili."

"Basi sahihisha la kwanza."

Ditram alieleza kwa utulivu kwamba daftari la mwaka ule lilikwisha kukaguliwa na kufungwa, kwamba majibu ya leo yalikuwa na muhuri, na kwamba yeye Hildegarda hakuwa na karatasi yoyote. Kisha akaiweka fomu kwenye droo na kuandika kwenye cheti: taifodi kwa mjamzito, vidonge siku saba, arudi Jumanne.

"Tabibu," aliuliza Bonifas, "na haya anayosema shemeji?"

"Shemeji yako si mtaalamu."

"Ni marehemu. Pengine anajua."

"Kufa si cheti, ndugu yangu."

Bonifas hakubishana. Hakuwahi kubishana na mtu mwenye muhuri. Hildegarda aliwasindikiza hadi getini, ambako marehemu hawakuweza kuvuka kabla ya saa tisa na nusu, akamwambia shemeji yake asirudi Malolo, aelekee Mikumi moja kwa moja. Bonifas aliutazama mfuko wa dawa mkononi mwake, akasema watajaribu vidonge kwanza, na jioni wakiona hapana nafuu watakwenda. Costancia aliegemea nguzo ya geti. Midomo yake ilikuwa imepauka. Alifariki saa kumi alasiri, kabla ya dozi ya pili.

Jumanne iliyofuata, kama cheti kilivyoagiza, alirudi. Hakuchukua namba. Hildegarda alisogea, akampa nafasi ya nne kutoka ukutani. Upande ule wa ukumbi umri huhesabiwa tangu siku ya kufa, na Costancia alikuwa na siku saba.

"Shikamoo, dada," alisema.

"Marahaba."

"Wameniandika nini?"

"Taifodi."

Ng'ambo, mwanamke mgeni aliyejikunja alikuwa akisubiri zamu yake, kiganja kimoja tumboni na kingine begani. Benchi la marehemu lilikuwa limejaa, hata Hildegarda alikalia ukingo wa mbele tu, kwa hiyo mwisho wa mwezi kituo kilimwagiza seremala wa Kimamba atengeneze la pili, refu kuliko la kwanza. Lilipoletwa, Ditram alilikagua miguu yote minne, akaridhika, akatia sahihi.