Gambuti la Kushoto

Mshona mapazia aliingia duka la viatu asubuhi, mara tu mlango ulipofunguliwa, akiwa na binti yake. Nyuma yao likaingia gambuti la kushoto la marehemu mumewe, lililokuwa limetembea lenyewe tangu nyumbani. Muuza viatu aliwakaribisha, akavuta stuli mbili, kisha akaliomba gambuti lijifute kwanza pale mlangoni, maana sakafu ndiyo kwanza ilikuwa imepigwa deki. Likajifuta.

Mama alieleza shida yake harakaharaka, kama mtu anayeogopa kukatizwa. Binti amepata kazi kwenye zizi la farasi, anaanza Jumatatu: kuzoa samadi, kuogesha farasi, na kuwapanda wasije wakalemaa kwa kusimama. Ua la zizi ni tope mwaka mzima. Alitaka mabuti yasiyopitisha maji, yasiyochanika, ya kufanyia kazi zote hizo, na alitaka mazuri kwelikweli. Hakusema kwamba hajalala vizuri tangu binti alipoleta habari hizo, lakini macho yake mekundu yalijisemea. Zizi lilikuwa lile lile alikofia baba mtu.

Kifo chenyewe kilifika kwa simu, mwaka juzi. Msimamizi wa zizi alisema baba amefariki, ni mambo ya kikuku, poleni sana, akakata. Mwili ukaletwa umejaa michubuko. Shangazi, dada wa marehemu, ambaye neno halikai mdomoni mwake hata kwa dawa, akauliza mbele za watu: kikuku cha nani? Swali likatoka nje, likazunguka mtaa, likarudi limenona. Kabla ya maziko kila mtu alishajua kwamba marehemu alikuwa na mwanamke wa pembeni, mvaa kikuku mguuni, na kwamba mume wa huyo mwanamke ndiye aliyempiga mpaka akamuua. Mwanamke mwenyewe hakuna aliyewahi kumwona, ila wapo walioweza kueleza jinsi kikuku chake kilivyomeremeta. Shangazi alifunga safari hadi zizini kuuliza. Msimamizi alitazama chini, akasema mambo ya marehemu ni vizuri kuyasitiri.

Mjane alilia kwanza kwa huzuni, halafu kwa hasira. Alivua kikuku chake mwenyewe, alichopewa na mumewe walipooana, akakitupa chooni. Gambuti la kushoto liliporudi nyumbani peke yake, limechubuka juu ya kifundo, hakulipokea. Lilibisha hodi kwa kisigino kila jioni mpaka binti akaona haya kwa majirani, akalifungulia. Tangu hapo liliishi kando ya kabati, limeelekezwa ukutani kwa amri ya mama. Asubuhi hii ya kununua mabuti lilitoka lenyewe na kuwafuata, naye hakuwa na nguvu za kugombana nalo barabarani.

Muuza viatu alileta jozi ya kwanza, magambuti mapana ya bei nafuu. Gambuti la marehemu likapiga kisigino sakafuni, na muuza viatu akayarudisha bila kuuliza. Akaleta ya ngozi, yaliyoshonwa vizuri hadi raha, lakini mwenyewe akakiri kwamba ngozi na samadi haziivi chungu kimoja: usipoipaka mafuta kila jioni, inapasuka. Ya tatu yalikuwa na soli ya meno makubwa. Gambuti likapiga kisigino kwa nguvu zaidi, na mama akaliambia lipunguze, wako kwenye duka la watu.

Jozi ya nne ilikuwa ya mpira mnene hadi chini ya goti, ncha nyembamba kiasi, kisigino kifupi kilichosimama wima, na soli yenye mifereji midogo. Muuza viatu alizamisha moja kwenye beseni la maji, akaingiza mkono ndani, akautoa mkavu. Binti akayavaa na soksi nene, akatembea, akachuchumaa, akasema hayabani wala hayapwayi. Gambuti lilitulia.

"Sasa tupime na kikuku," alisema muuza viatu.

Mama akakunja uso. Kwa sauti ndogo akauliza ni kikuku gani tena kinachotafutwa miguuni mwa mwanawe.

Muuza viatu alitungua ukutani chuma kilichopinda, bapa upande wa chini, kilichoning'inia kwenye mkanda wa ngozi. "Hiki hapa, mama. Cha farasi. Ndimo unamotia mguu ukipanda." Akaeleza taratibu, kama anayetaja saizi. Kiatu kikiwa kipana kinakwama humu. Kikikosa kisigino cha maana, mguu unateleza na kupita mzimamzima. Mtu akianguka hapo, farasi anashtuka na kukimbia naye, anamburuza mpaka achoke mwenyewe. Ndiyo maana gambuti la tope hupandii farasi.

Gambuti la marehemu lilikuwa limerudi nyuma hadi kwenye rafu, likitetemeka mpaka ndara za watoto zikaanza kudondoka. Mchubuko wa juu ya kifundo chake ulikuwa na upana ule ule wa chuma.

"Kumbe ni hiki," alisema mama.

Alikuwa amemwonea mumewe, tena mbele za watu. Alipiga magoti, akaliokota gambuti, akalipakata, akaanza kulifuta kwa upindo wa kanga. Muuza viatu aliendelea na kazi yake. Aliingiza buti jipya ndani ya kikuku na kuonyesha nafasi ya kidole kila upande. Likaingia, likatoka.

Jumatatu binti alitoka na mabuti yake mapya. Gambuti liliambiwa libaki, halikubaki. Mama alikaa kwenye cherehani roho juu, akakata pazia la mteja fupi kuliko dirisha, akalitazama bila kujali. Jua lilikuwa halijafika utosini aliposikia hatua barazani. Alifungua mlango. Mabuti mapya yalikuwa yamesimama pale, bega kwa bega, peke yake, makavu, hayana hata doa la tope. Aliyakwapua na kuondoka mbiombio bila kufunga nyumba.

Msimamizi alimpokea getini kwa upole. Alimweleza kwamba hapa watu huvaa magambuti ya zizi, rangi moja, saizi moja, kutoka stoo, na asiyetaka ana ruhusa ya kurudi kwao. Tena leo wamebahatika. Gambuti la kushoto lililopotea mwaka juzi limejileta lenyewe asubuhi, na la kulia lilikuwapo siku zote kwenye rafu.

"Jozi imetimia," alisema, na kwa kweli alifurahi. "Mpira wa zamani huu. Hauishi."

Mama alimwambia kwamba sasa anajua kikuku ni nini. Msimamizi alitazama chini, akasema mambo ya marehemu ni vizuri kuyasitiri.

Binti alikuwa uwanjani, juu ya farasi mwekundu, miguu inaogelea ndani ya magambuti ya baba yake. La kushoto lilikuwa limekataa kikuku. Kila alipolisogeza lilijikunja na kurudi nyuma, hata ikabidi apandie juu ya kreti, na sasa mguu ulining'inia wazi. Watunza farasi wenzake walisema litazoea. Mama alishusha pumzi, akamshukuru mumewe kimoyomoyo, akamwomba na radhi.

Kisha farasi akageuka, ukaonekana upande wa pili. Gambuti la kulia halikuwahi kukwama popote. Halikuburuzwa, halikurudi nyumbani, halikusimama dukani kusikiliza. Lilikaa stoo na vumbi lake, halijui lolote. Lilikuwa limeingia ndani ya kikuku hadi kifundoni, kisigino na vyote.

Mama alishika uzio, mabuti mapya kwapani. "Mwanangu," aliita, "toa mguu wa kulia."

"Hautoki, mama," binti alijibu.

Msimamizi alitazama saa yake, akapiga makofi, akasema farasi achangamshwe kidogo.