Mzizi wa Kumtuliza Abuu

Bi Mwanaheri hakutaka hela wala barua ya chuo. Alichimba mzizi mwenyewe, nyuma ya nyumba yake mlimani juu ya Bigwa, akamkabidhi Nasra, mwanafunzi wa chuo aliyekuwa akitafiti dawa za asili, kwa sharti moja: akishaupima, arudi amwambie kwa kinywa chake. Mwanawe Abuu alikuwa amerukwa na akili kwa miaka tisa. Alipopandwa na wazimu, alipiga mayowe na kukimbilia makorongoni. Mama akimnywesha maji ya mzizi ule, aliorithi kwa mama yake, Abuu alilala kimya mpaka jioni. Alifariki mwaka jana, kimya vilevile.

"Nataka kujua tu kama nilimpumzisha," alisema.

Nasra aliahidi upesi, kama tunavyoahidi sote tukiwa na shida yetu.

Maabarani, panya weupe walipopewa dawa ya mzizi ule walilala kama magogo, na Nasra akafurahi kupita kiasi. Mhadhiri wake, Dokta Athanas, mtu asiyesifu hata pilau ya harusi, akamwambia asubiri. Apunguze dozi, awaweke panya juu ya ubao ulioinuliwa, wenye pande mbili za kuta na mbili zilizo wazi. Panya aliyetulia hutoka kutembea uwazini. Mwenye hofu hung'ang'ania ukuta.

Hakuna aliyetoka. Walijikokota hadi ukutani, miguu ikiburuzika, wakajibanza wakitetemeka. Nasra alirudia wiki tatu, akiomba awe amekosea. Mwishowe akamchukua mmoja wa waliolala kwa dozi kubwa, akamweka kiganjani. Mwili ulikuwa umelegea kama kitambaa kilicholowa, lakini moyo ulikuwa ukienda mbio, na macho yalikuwa wazi, yakimfuata. Mzizi ulichukua miguu, hofu ukaiacha palepale.

Dokta Athanas akasema hayo nayo ni matokeo, yataandikika. Nasra akaenda chooni akalia.

Ahadi ni deni, lakini angeweza kulikimbia. Angeweza pia kudanganya. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Ya kwa Bi Mwanaheri ilikuwa saa mbili za kupanda, na kila kona Nasra alibadili maneno. Alipofika juu alikuwa ameamua kusema mzizi unatuliza. Abuu alikwishazikwa, ukweli ungemsaidia nani?

Akaamkia, akaitikiwa, akakaribishwa mkekani. Bi Mwanaheri alimpa ndizi za kuchemsha, akamwacha ale kwanza. Kisha Nasra akasema aliyoyapanga: mzizi ni mzuri, panya walilala wote. Mama akatikisa kichwa taratibu, kisha akauliza:

"Mwanangu, walipolala, macho walifumba?"

Nasra alikuwa na uongo wa kila swali isipokuwa hilo. Alichelewa kujibu, na kule kuchelewa kulitosha.

"Abuu hakufumba," mama alisema. "Nilikuwa nikipika, macho yananifuata. Machozi yanamtoka. Nikadhani dawa haijamkolea. Nikawa namwongezea."

Nasra akamshika mkono, akamwambia hakujua, kwamba hakuna mama ambaye angejua. Alilia yeye, mgeni. Mwenye msiba alimsikiliza kwa adabu mpaka akamaliza.

Kisha Bi Mwanaheri akachukua jembe, akaenda nyuma ya nyumba, akaanza kuing'oa mizizi iliyobaki.