Muyahudi wa Hewa Bora

Mu Hewa Bora yote, mutaa yetu ya Lubumbashi, hakuna mwanamuke mwenye kujua mambo ya Mungu kunipita mimi. Biblia nimeisoma yote. Basi, niseme muzuri: niliisoma mpaka pale Noe anatoka mu safina, kisha miwani yangu ikavunjika, na yenye ilibaki niliisikia ku misa, zile siku zenye sikusinzia. Masomo yangu ilikomea mwaka wa ine ya primaire, kwa masista. Lakini kwa hii habari ya shemeki yangu Clément mutaniamini, juu nilikuwa pale, na miwani nilikuwa nimepata ingine.

Clément njo bwana ya mudogo yangu Constance. Ni muntu muzuri. Hapigi bibi, na hanywi pombe ya lutuku kama haiko ku kilio. Ni kweli pia kama mu sehemu yetu yote ya Kampemba hakuna kilio yenye inamupita. Iko na watoto sita na Constance, na bajukuu benye hata yeye mwenyewe anachanganya majina. Mali ya ndoa ilifika kwetu zamani, baba yetu akakubali, bantu bakakula, bakacheza. Kitu yenye ilikosa ni moja: kanisa. Na kwetu Bakatolika, kama hamukufunga ndoa mbele ya padri, komunio hamupokei.

Basi kila siku ya yenga, siku ya misa, banc yetu yote ya kanisa inasimama kwenda kupokea, Constance anabaki. Anavuta magoti pembeni ili bantu bapite. Miaka yote nimeangalia ile magoti. Kuna bamama balianza kumupita bakingali basichana. Leo banamupita na fimbo.

Mwaka huu padri wetu, kijana mwenye ndevu yake haijajua kama itaota ao hapana, alitangaza kama kisha Pasaka atafungisha ndoa ya bazee bote pamoja. Misa moja, karamu moja, gato moja, ile keki ya ndoa. Mangaribi ile Constance alifika kwangu. Hakukaa hata.

"Yaya Adolphine," asema, "mimi sipendi kufa nikiwa nimevuta magoti."

Nilimuambia hatakufa vile. Ilibaki tu Clément akubali.

Sasa, Clément na ndoa ya kanisa banajuana tangu zamani. Kwanza alisema anangojea suti. Suti ikapatikana, akasema anangojea kaka yake mukubwa atoke kwao, Pweto. Mukubwa akatoka Pweto na mufuko ya samaki ya kukauka, akakaa, akakula ile samaki yote yeye mwenyewe, akarudia. Clément akasema haiko adabu kusumbua mugeni. Kisha suti ikakuwa kidogo.

Mara hii alikuya na ingine kabisa. Siku ya posho asubui, ile yenye bengine banaita jumamosi, alisimama katikati ya lupango yao, kiwanja ya nyumba, akatuambia kama yeye haiko tena Mukristu. Iko Muyahudi. Ile mambo aliikuta mu telefone: bwana mumoja mwenye koti alieleza kama bababu yetu balitoka Israeli kwa miguu, bakapotea njia. Nilimuuliza balipotea namna gani mpaka kufika Pweto. Akasema njia ilikuwa murefu.

"Na Muyahudi hasimamaki mbele ya padri," asema. "Ni sheria."

Constance hakulia. Constance halii, anakunjaka bitambaa. Siku ile alikunja bitambaa yote ya nyumba, hata yenye ilikuwa ingali mubichi.

Basi Uyahudi ikaanza. Siku ya posho Clément hagusi kazi. Hawashi moto, hachoti maji. Hata telefone ni Constance mwenye kumufungulia. Lakini bukari, ugali yetu, anaitaka ya moto. Constance alimuuliza ni nani atawasha mbabula ya makala. Akajibu kama yeye Constance ni Mukristu, moto yake haina zambi. Siku ya yenga, Clément hakufanya kazi vilevile, juu ya heshima ya bajirani. Nguruwe alikatala. Milonge, ile samaki ya ndevu yenye haina magamba, alikatala na sauti ya muntu mwenye kuzika, juu alikuwa anaipenda kutupita bote. Nyama na maziwa pamoja alikatala bila shida. Kwao haijafika bado siku yenye ile bintu mbili ilikutana mu nyumba.

Nilimuuliza habari ya Masiya. Akasema Bayahudi bangali banamungojea.

"Na ule mwenye alikuya?"

"Ule haiko yeye."

Constance akapiga alama ya musalaba, mara moja kwa ajili yake na mara moja kwa ajili ya bwana.

"Ni sawa, shemeki," nikamuambia. "Wewe unajua kungojesha bantu, bale banajua kungojea. Mutapatana muzuri."

Clément alisema mimi ni mupagani. Nilimushukuru.

Lakini usiku sikulala muzuri, juu ya ile magoti ya Constance. Asubui nikakumbuka Monsieur Nissim. Ni Muyahudi wa kweli, muzee, mwenye alizaliwa hapa Lubumbashi. Baba yake ndiye alitoka mbali, ku kisiwa ya Rodo, akakuya kuuzisha bitambaa mu ville, pale katikati ya muji. Zamani nilikuwa nauzisha samaki kwa mama yake. Ule mama alikuwa anageuza samaki moja moja, anakwaruza na ukucha kuona kama iko na magamba, kisha anaanza kulalamika juu ya bei, hata mbele sijaitaja. Nikaenda kwa Clément, nikachagua wakati bajirani banasikia, nikamuambia: muntu akirudia kwao, anasalimia kwanza bakubwa ya kwao. Mbele ya bajirani hakuweza kukatala.

Tulienda batatu. Constance alivaa pagne yenye alikuwa ameweka kwa ajili ya ile ndoa. Nilimuuliza kwa nini, akasema nguo ikibaki sana mu sanduku inaoza. Clément alivaa suti bila kufunga kifungo, na juu ya kichwa kikofia kidogo yenye binti yake Estelle alimufumia, nyeusi na nyeupe kama rangi ya timu yetu ya mupira. Monsieur Nissim alifungua mulango, akaangalia ile kofia wakati murefu.

"Tumeshinda?" akauliza.

Anasema Kiswahili yetu kupita hata bajukuu yangu, benye banasema Kifaransa tu mpaka bapate njaa. Alitukalisha mu salon, akatuletea chai. Clément akaona chai ni alama muzuri. Akaeleza yote: Israeli, miguu, njia murefu. Akasema amerudi nyumbani.

Monsieur Nissim alisema yeye haiko rabbi, aliuzisha bitambaa tu, lakini kintu kimoja anaijua. "Kwetu, muntu akikuya kuomba kuingia, tunamurudisha. Akikuya tena, tunamurudisha tena."

"Na mara ya tatu?" Clément akauliza.

"Tunamuuliza kama hana bibi wa kumushauri."

Nilikunywa chai ili nisionekane nikicheka. Clément hakuvunjika moyo. Akasema amesikia kama mu sala yao banaombaka wanaume kumi, na kama hapa Lubumbashi siku hizi hata kumi haifiki. Yeye iko tayari kusaidia hesabu.

"Ni kweli, haifikaka," Monsieur Nissim akajibu. "Lakini bakiwa tisa, na wewe ukiingia, bangali tisa."

Kisha akatueleza pole pole, bila kusifu yake na bila kuchafua yetu. Akasema Yesu alikuwa mutoto wa kwao, mama yake wa kwao, chakula yake ya kwao, na siku yake ya kupumuzika ilikuwa siku ya posho, haikukuwa yenga. Lakini kusema kama muntu ni Mungu, ile kwao haiwezi kupita mu kinywa. Na Masiya, asema, siku atafika bantu bataacha vita, mapanga itafuliwa majembe. Akatuuliza kama tumesikia habari ya Mashariki ya inchi yetu wiki hii. Tulikuwa tumesikia. Basi, asema, sisi tungali tunangojea.

Nikamuambia hata sisi tunangojea, juu Yesu alisema atarudia. Tofauti ni kama itakuwa mara ya kwanza ao ya pili. Monsieur Nissim akasema ni tofauti kidogo kweli, na bantu wengi sana bameuawa juu yake.

Constance ndiye aliuliza habari ya moto ya siku ya posho. Monsieur Nissim alishangaa. Akasema Sabato ni ya nyumba yote. Hata punda inapumuzika, na bibi hajakuwa chini ya punda. Clément aliangalia tapi ya chini. Nikaona saa yangu imefika.

"Monsieur Nissim," nikasema, "na kwenu, mwanaume anaweza kukaa na mwanamuke mpaka bajukuu, bila ndoa ya dini?"

"Ni haya kubwa," akajibu. Na akatuambia ndoa yao iko namna gani. Banatandika kitambaa juu ya vichwa ya bwana na bibi, kama paa. Banasoma mbele ya bantu bote karatasi yenye kusema bwana atamutunza bibi namna gani, ili kesho asijifanye hakusikia. Na kwa mwisho bwana anavunja kilauri ya kunywa maji na muguu.

"Kilauri tuko nazo," Constance akasema.

Nilimuangalia Clément, nikingoja aseme kama kilauri zinaumiza miguu. Hakusema vile. Uso yake ilifunguka.

"Ile mimi nakubali," asema. "Hata leo."

Constance akamuangalia vile unaangalia muntu mwenye miaka yote anasema hawezi kupanda ngazi, halafu unamukuta juu ya paa.

"Kwa nini kilauri ndiyo, padri hapana?" akamuuliza.

Clément akasema tena ni sheria, lakini pole, na akasukuma kofia yake nyuma, akairudisha mbele. Hapo mimi, mwenye nilikuya kumucheka, nikaona kama sijaelewa kintu. Huyu mwanaume hakuwa anaogopa ndoa. Anaogopa kintu ingine, na sikujua ni nini.

Monsieur Nissim aliweka tasa yake chini.

"Papa Clément, haiwezekani," asema. "Kuingia kwetu ni miaka ya kujifunza, mbele ya barabi, na hapa sioni mwenye atakufundisha. Tena wewe ni muntu wa ubatizo. Mimi sinyanganyi padri bantu yake. Rudia, umuoe huyu mama kwenu, kwa padri wenu, akingali na nguvu ya kukusamehe."

Akasimama, ni kusema mambo imekwisha. Constance akasimama, akachukua sakoshi yake ya mukono. Hata mimi nikasimama. Clément peke yake alibaki chini, na nikamuona anaona padri anarudi, na ndevu yake ile yenye haijaota, na maulizo yake.

"Ngoja, Monsieur," asema. "Ile ubatizo mimi sina."

"Huna namna gani?"

"Sina. Hata tone moja. Hii kichwa iko mukavu tangu nizaliwe." Akapigapiga juu ya kofia na furaha, kama muntu mwenye kuonyesha nyumba isiyovuja. "Sikukuwaka wa padri hata siku moja. Unaweza kunipokea."

Hapa inafaa niwaambie kintu. Mbele ya kufungisha ndoa, padri anaombaka karatasi ya ubatizo. Baba yetu alikuwa katekista. Siku Clément alikuya kuomba Constance, baba hakuuliza habari ya kazi wala ya ukoo. Aliuliza moja tu: kijana, umebatizwa? Na Clément akaeleza, vizuri sana, namna alibatizwa kule Pweto, mu maji ya ziwa, asubui ya baridi, na padri muzungu wa zamani mwenye ndevu mpaka ku mukaba. Namna alitoka mu maji akapiga chafya tatu, na padri akasema kila chafya ni shetani mumoja anatoka. Baba aliipenda ile habari mpaka machozi. Akamupa Constance. Na miaka yote yenye ilimubakilia aliifundisha batoto ya komunio ya kwanza, na kila mwaka ile mashetani ilizidi kuwa mukubwa.

Constance alirudisha sakoshi ku kiti. Pole pole, kama kitambaa yenye anataka kukunja muzuri.

"Clément," asema. "Ile chafya tatu?"

Clément aliangalia mimi. Mimi niliangalia chai. Akaangalia Monsieur Nissim, mwenye alikuwa anatafuta kintu chini ya meza, kintu yenye haikukuwa pale. Basi akavua kofia, akaangalia ndani yake.

Akasema siku ile maji ya ziwa ilikuwa kidogo.